Maksai wa Shangazi na Programu ya Bure

Mtu akikuambia kwamba programu ya kompyuta haina undugu na mtu, mlete Isiolo tuongee. Mimi nimeona shangazi yangu, mwanamke aliyechunga ng'ombe tangu akiwa msichana mdogo, akiitwa mwizi mbele ya soko zima kwa sababu kijana mmoja alitaka programu yake ionekane nyepesi kuliko za wenzake. Kijana mwenyewe alikuwa rafiki yangu. Sijapoa, na sitajifanya nimepoa ili simulizi hii ipendeze.

Nianze na kazi yenyewe. Baada ya serikali za kaunti kuja, mambo mengi yaliyokuwa yakiamuliwa Nairobi yakaanza kuamuliwa hapa kwetu, na soko la mifugo likapata kamati yake, geti lake na zizi la maana. Kamati ilitaka jambo moja tu: ng'ombe wa wizi asipite getini. Wakati huo mifugo ilikuwa imevishwa hereni za plastiki masikioni, kila hereni na namba yake. Mwanzo wa namba unataja wadi anakotoka mnyama, na mwisho wake ni zamu yake katika wadi hiyo. Kila wadi ilianza kuhesabu kutoka moja. Shika hilo, maana ndilo lililotuumiza.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mtaani Bulla Pesa na cheti changu cha kompyuta, nimepanga chumba nyuma ya duka la mahindi, watu wakiniuliza kila siku kama nimepata kazi. Kamati ikanipa. Niandike programu ya simu ya mlinzi wa geti: yeye anaingiza namba ya hereni, simu inamjibu safi au wizi. Mtandao pale sokoni huja ukipenda, kwa hiyo orodha yote ya mifugo iliyoripotiwa kuibwa ilibidi ikae ndani ya simu yenyewe, tena simu za bei ya chini. Na jibu litoke palepale. Kama hujawahi kusimama mbele ya ng'ombe wenye kiu wanaosukumana kuingia zizini, hutaelewa ninavyosema palepale. Simu ikijifikiria kidogo tu, mlinzi anairudisha mfukoni, anafungua geti na kupiga kelele, "Pita, pita, twende!"

Kwa kazi ya namna hiyo watu wa programu hutumia kitu kinachoitwa jedwali la hashi. Usitishwe na jina. Ni kama plot ya kupanga ya Bulla Pesa, yenye milango mingi inayofanana. Namba ya hereni inasagwa kwa hesabu fulani, inatoka namba nyingine fupi, na hiyo fupi inakuambia ugonge mlango gani. Badala ya kugonga mlango mmoja mmoja kama mwomba kura, unaenda moja kwa moja. Lakini ukishagonga, lazima uulize: wewe ndiye niliyetumwa kwako? Kwa sababu namba mbili tofauti zinaweza kukupeleka mlango mmoja. Kuuliza huko kunakula muda kidogo. Usipouliza, utampa mtu mzigo wa jirani yake.

Siku hizi hakuna anayehangaika kuandika jedwali la hashi kutoka mwanzo. Yapo mengi, yameandikwa na watu wa dunia nzima na kuwekwa hadharani, chukua bure, soma kilichomo, tumia. Tunayaita maktaba. Nikachukua maktaba tatu, nikakaa kuzilinganisha vizuri.

Ya kwanza ilitoka kwa kampuni kubwa ya ng'ambo. Kasi yake wacha! Ila ukiichukua hiyo moja, inakudai vitu vingine ili ifanye kazi, na hivyo vingine navyo vinadai vyake. Hivyo ndivyo tunavyoviita vitegemezi. Nilimwalika mgeni mmoja akaja na ukoo mzima, na wote wanataka kulala ndani ya simu ndogo ya mlinzi. Kila mmoja wao akibadilika huko aliko, na wewe unayumba.

Ya pili iliandikwa na mzee mmoja asiyejulikana aliko, ambaye ukimwandikia anakujibu baada ya kusahau kama ulimwandikia. Haikuwa na kitegemezi hata kimoja. Haikukosea hata mara moja. Lakini ng'ombe akipatikana na kufutwa kwenye orodha, nafasi yake haikuzibwa, iliachwa na alama ya kwamba hapa palikuwa na mtu, na alama zikijaa, utafutaji unakuwa mzito. Na huku kwetu, alhamdulillahi, ng'ombe hupatikana, kwa hiyo alama zilijaa.

Ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu.

Huyu rafiki tulikua naye. Mama yake aliachwa na mumewe, akabaki na watoto mtaani Kiwanjani wakati sisi bado tunavaa sare za shule ya msingi, na shangazi yangu, aliyekuwa na mifugo karibu na mji kabla ya kuhamia Garbatulla, akampa dabare. Waborana wanajua ninachosema, wengine niwaeleze. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa na jirani hana, unampa mmoja akae naye. Maziwa ni yake, watoto wake wanywe washibe. Ng'ombe anabaki wako, na alama yako haiguswi. Sharti kubwa ni kwamba ng'ombe akiugua, aliyepewa anakuja kukuambia. Hata kama ni mbali, hata kama anaona haya, hata kama ni yeye aliyemlisha vibaya. Akifa, anakuletea ngozi. Ugonjwa hauna lawama, ila kunyamaza ndiko kunakokutoa kwenye hesabu ya watu.

Rafiki yangu hakusimuliwa dabare, aliinywa. Alikuwa akija kwa shangazi kila mara kutoa habari za ng'ombe, na huko ndiko alikojifunza Kiborana mpaka akawa anatania wazee. Shangazi alimwita mwanangu. Baadaye, tuliposomea kompyuta, mimi na yeye tulikuwa tukisema kwamba programu za bure ni dabare ya watu wa kompyuta: tumia maziwa, usifute alama ya mwenyewe, na ukiona ugonjwa, sema. Yeye ndiye aliyeanza kusema hivyo. Yeye, si mimi!

Maktaba yake ilikuwa ndogo, safi, faili moja, haina kitegemezi. Kasi yake mwanzoni ilikuwa ya katikati. Mimi nilipomwambia kwamba ya ng'ambo inaipita, akasema, "Nipe muda kidogo." Muda wenyewe haukuwa mrefu. Akatoa toleo jipya, nikalipima, nikaruka kwenye kiti. Lilikuwa limezipita zote mbili, na kwa umbali.

"Umefanyaje?" nikamuuliza kwenye simu.

"Nimepunguza mafuta tu," akasema akicheka. "Wewe pima, tangaza."

Nikatangaza. Niliandika ulinganisho wangu wote, kasi, nafasi inayoliwa na simu, mzigo wa vitegemezi, nikauweka mtandaoni kwa jina langu, na maktaba ya rafiki yangu juu kabisa. Watu wakaupokea. Wakausambaza. Mtu wa Isiolo amewapita watu wa ng'ambo, si mchezo! Haukupita muda, kampuni moja Nairobi ikamwita, ikampa meza na mshahara, na kitu kilichomfungulia mlango kilikuwa ule ulinganisho wangu, maana alinitumia ujumbe kunishukuru. Nilifurahi kama kazi ni yangu. Nilimpigia shangazi huko Garbatulla kumwambia, naye akamwombea dua ndefu mpaka simu ikakata.

Sasa niseme jambo ambalo wajuaji wananilaumu nalo mpaka leo. Unapochukua maktaba ya mtu, unaandika mahali kwamba unataka toleo lipi. Unaweza kulifunga: nataka hili hasa, hata mwenyewe akitoa jingine. Au unaacha wazi: nipe lolote jipya litakalotoka. Vitu vyote vya watu nisiowajua nilivifunga kwa kufuli. Cha rafiki yangu nilikiacha wazi. Kila jioni kompyuta ya ofisi ya soko ilijenga programu upya pamoja na orodha mpya ya mifugo iliyoibwa, ikachukua toleo lake la karibuni, na simu za geti zikavuta zikipata mtandao. Wananiambia ati hilo ni kosa langu, kwamba mtaalamu hamwamini mtu. Sikubali! Mlango wa ndugu haufungwi kwa kufuli, na akiingia akaiba, mwizi ni yeye. Mtu asiniambie nilale na ufunguo shingoni.

Basi siku ya soko shangazi akaja na maksai.

Alikuwa maksai mmoja mwekundu, mwenye nundu nzuri, aliyezaliwa kwenye boma lake mwenyewe. Alitaka kumuuza ili mtoto wake wa mwisho aende chuo cha ualimu. Alimpandisha lori Garbatulla, wakatikiswa njia nzima, akafika na buibui limejaa vumbi na uso umejaa furaha. Alinipigia kutoka getini. "Niko hapa kwako," akasema. "Nataka nione hiyo simu yako ikifanya kazi."

Niliposikia sauti yake tena, haikuwa sauti ileile. Mlinzi alikuwa ameingiza namba, simu ikasema wizi. Akaingiza tena, wizi. Akaita mwenzake. Maksai akafungwa pembeni, askari wakaitwa, na watu wa sokoni, unawajua, wakaacha biashara zao kuja kutazama. Nilipofika, shangazi alikuwa amesimama katikati ya duara la wanaume, ameshika kamba ambayo upande wa pili ameishika askari.

"Hii ng'ombe ni ya wizi, mama," askari alikuwa akisema. "Simu imesema."

"Nimeizaa mimi hii," shangazi akajibu. "Mama yake nimemkamua mimi. Simu ilikuwa wapi?"

Watu wakacheka. Si wote walikuwa na ubaya, lakini walicheka. Nikasikia mmoja nyuma yangu akisema, "Hawa wa Garbatulla nao," na sikugeuka kumjua nani, maana ningemrarua. Shangazi hakulia. Aliniona, akanitazama kama mtu aliyeona daktari.

Maksai alibaki zizini chini ya ulinzi. Shangazi akaandikishwa kituoni, akaachiliwa kwa dhamana ya mwenye lori, akaambiwa kamati itakaa asubuhi. Wizi wa mifugo huku si mzaha. Watu wamezikana kwa ajili yake. Mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe, jina hilo linawafuata hadi watoto wake, hata huyo anayetaka kwenda kufundisha. Nikampeleka chumbani kwangu, nikamtilia chai, hakuigusa. "Wewe ndiye umetengeneza hiyo kitu," akaniambia. "Itengeneze."

Nikafungua kompyuta palepale mchana, yeye ameketi kitandani akinitazama mgongo. Nikazichukua zile maktaba tatu zilezile, nikazipa orodha ileile, nikaziuliza namba ya maksai. Ya kampuni ya ng'ambo ikasema hayumo. Ya yule mzee ikasema hayumo. Ya rafiki yangu ikasema yumo, wizi. Nikarudia. Nikaingia kwenye orodha kwa macho yangu. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyeibwa, wa wadi nyingine kabisa, upande wa pili wa kaunti, ambaye mwisho wa namba yake ulifanana na wa maksai wa shangazi. Wadi tofauti, zamu moja.

Nikafungua msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha programu, nikausoma. Pale ambapo mlango ukishagongwa mtu anatakiwa kuuliza wewe ni nani, namba nzima kwa namba nzima, hapakuwa na swali kamili. Alikuwa anasaga na kulinganisha kipande cha mwisho tu. Mafuta aliyopunguza yalikuwa ni hilo swali. Kwenye majaribio ya kasi, ambapo namba zinatungwa ovyoovyo, huwezi kugundua. Kwa hereni zetu, ambapo kila wadi imeanza na moja, utagundua tu siku mtu atakapoitwa mwizi. Na usiniambie hakujua namba zetu zilivyo. Likizo moja alikuwa kibarua wa kuvisha hereni hizohizo, amezibana masikioni kwa mikono yake.

Nikampigia. Akapokea kwa furaha.

"Ile hatua ya kulinganisha namba nzima iko wapi?" nikamuuliza bila salamu.

Akacheka. Naapa, alicheka. "Ah, hiyo? Niliitoa. Ilikuwa inakula muda. Nilitaka tuwe wa kwanza kwanza, kisha niirudishe polepole."

"Ulijua inaweza kusema uongo?"

"Kidogo sana. Mara moja moja. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia kuna nini. Nikamwambia ni nani aliyeko kitandani kwangu na chai imepoa mbele yake. Kicheko kikakatika.

"Mama yuko hapo? Ananisikia?"

"Hakusikii. Nisikilize mimi. Kesho asubuhi kamati inakaa. Utapanda gari la mapema, utakuja, utasimama, utasema programu yako ina ugonjwa na wewe ulijua. Basi. Hakuna atakayekupiga."

"Nitakuja," akasema. "Haki ya Mungu nitakuja. Niachie mimi. Usiguse kitu, utaharibu. Niachie mimi nilimalize."

Nikamwamini. Ndiyo, hata baada ya hapo nilimwamini, kwa sababu nilimsikia akipumua kama mtu aliyeogopa, na mtu anayeogopa kwa ajili ya mwenzake hupumua hivyohivyo. Nikamgeukia shangazi nikamwambia, "Mwanao anakuja kesho kutusafishia jina." Akashika kikombe akanywa chai baridi yote.

Asubuhi hakuja. Tulikaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya soko, magari ya Nairobi yakaingia stendi, abiria wakashuka, yeye hayumo. Simu yake ikawa haipatikani. Kamati ikakaa. Mwenyekiti, mzee mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa haki lakini mwenye maneno makali, akaagiza maksai aletwe na namba iingizwe tena mbele ya kila mtu.

Simu ikasema safi.

Mlinzi akaingiza tena, safi. Nikaelewa papo hapo. Niliambiwa nisiguse kitu, kumbe yeye ndiye alikuwa anagusa. Alikuwa ametoa toleo jipya, amerudisha lile swali, ameliondoa toleo la zamani mtandaoni lisionekane tena, na maelezo aliyoweka yalikuwa ni "marekebisho madogo". Kompyuta ya ofisi ilijenga upya jioni kama kawaida, ikalimeza. Alikuwa amefuta nyayo zake kwa kupitia mlango niliomwachia wazi.

Mwenyekiti akavua miwani. "Jana hii simu imesema wizi," akasema taratibu. "Leo imesema safi. Ng'ombe ni ileile. Namba ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye ng'ombe amelala kwa mwenye simu." Akanitazama. "Binti, wewe unaona sisi tunafanana na nini?"

Nilijaribu kueleza. Matoleo, vitegemezi, swali la mlangoni. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, na nikaona hivyo kwenye nyuso zao. Askari akamsogelea shangazi tena. Sasa alikuwa mwizi mwenye mpwa wa kumfichia, na mimi nimekuwa huyo mpwa.

Nakala ya zamani niliyobaki nayo kwenye kompyuta yangu, nani angeiamini? Kilichotuokoa ni ubovu wa mtandao. Geti la mnada wa Garbatulla nalo lina simu yake yenye programu hiihii, na kule ujumbe wenyewe hufika ukiwa umechoka. Ile simu ilikuwa haijavuta kitu kipya kwa muda. Ndani yake toleo la zamani lilikuwa bado hai. Nikamwomba mwenyekiti, nikamsihi kwa jina la Mungu, asikate shauri mpaka simu ile iletwe na mtu wake yeye, si wangu, na isiwashwe njiani. Akanitazama sana, akakubali. Shangazi akarudi chumbani kwangu akalala akiangalia ukuta.

Kesho yake dereva mmoja aliyetumwa na mwenyekiti akaileta, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. Sikuigusa. Mlinzi akaingiza namba ya maksai: wizi. Nikamwambia mwenyekiti, "Sasa, mzee, badilisha mwanzo tu, weka wadi yako. Mwisho uache hivyohivyo." Mlinzi akaandika. Wizi. "Weka ya askari." Wizi. Wakajaribu wadi zote, kila moja ikatoa mwizi wake, na watu wakaanza kucheka, safari hii kicheko cha namna nyingine. "Kumbe sisi wote hapa tumeiba!" mlinzi akasema. Yule wa nyuma aliyezungumzia wa Garbatulla sikumsikia.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kumaliza jambo. "Huyu aliyeandika, nipe namba yake," akasema. Akapiga kwa simu yake mwenyewe, namba ngeni kwa rafiki yangu, akaweka sauti kubwa, akailaza mezani. Rafiki yangu akapokea.

Mwenyekiti akajitambulisha, akamweleza, akamuuliza kama ni kweli programu ilikuwa na ugonjwa.

"Ni kweli, mzee," akasema. Sauti laini, sauti ya mtoto mwenye adabu. Nikafumba macho nikamshukuru Mungu. "Ilikuwa na kasoro. Lakini mimi nilimwambia huyo binti. Nilimwambia mapema kabisa, kabla hajaiweka kwenye simu zenu. Yeye akasema kwa soko la Isiolo inatosha, ati nani atajua."

Nilisimama. Sijui nilipiga kelele gani, nilishikwa bega na mwenye lori. "Mwongo! Mwongo wewe! Useme ulichoniambia!"

"Ona sasa," akasema yule mtu kwenye simu, kwa huzuni, kama anayenihurumia. Kisha akauliza, "Mama yuko hapo?" na bila kungoja jibu akaanza kumsalimia shangazi kwa Kiborana, kile Kiborana chake kizuri alichojifunzia kwake, akamuuliza habari za ng'ombe, za malisho, za watoto, akamwambia ameumia sana kusikia yaliyompata, kwamba angekuwa karibu yasingetokea. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti akaikata simu.

"Mama," mwenyekiti akasema, "wewe huna deni hapa. Jina lako ni safi. Chukua ng'ombe yako, na utusamehe." Akainuka, wenzake wote wakainuka, wakampa mkono mmoja mmoja. Askari akafungua kamba akamkabidhi kwa mikono miwili. Kuhusu mimi hawakusema lolote, si kunitetea wala kunilaumu. Kazi yangu ya getini iliisha hivyo, kimyakimya. Wazee wawili wakawekwa pale kusoma alama kwa macho, kama zamani.

Nilimfuata shangazi nje ya zizi. Maksai alikuwa anafuata kamba bila ubishi. Nilikuwa nataka kucheka na kulia pamoja, nikamshika mkono nikamwambia, "Imekwisha, shangazi. Umesikia alivyosema uongo?"

Akasimama. Akafuta vumbi kwenye nundu ya maksai, polepole, kisha akanigeukia.

"Ulijua ina ugonjwa?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Akanitazama machoni, akaniuliza tena.